Moyo Hauhesabu Sigara





Tumezoea kusikia kwamba tumbaku ni adui wa mapafu. Ni kweli, lakini nimeombwa niseme juu ya moyo, kwa maana hapo ndipo wengi wetu hujidanganya. Mvutaji husema: "Nimepunguza, siku hizi navuta moja tu baada ya chakula." Moyo hauhesabu hivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi, uliochapishwa Uingereza mwaka 2018, ulionyesha kwamba avutaye sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20.

Sababu yake haifichiki. Nikotini huuharakisha moyo na kuibana mishipa, shinikizo la damu likapanda. Gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Basi moyo huongezewa kazi huku ukipunguziwa hewa. Tena moshi huharibu utando laini wa ndani ya mishipa na kuifanya damu igande upesi. Donge dogo likiziba mshipa wa moyo, baba wa familia huanguka shambani, na majirani huanza kuulizana ni nani aliyemroga.

Hapa ndipo Tume ya Haki na Amani inapohusika. Mke na watoto wa mtu huyo hawakuchagua tumbaku. Hata hivyo, asiyevuta lakini anaishi katika moshi wa mwenzake huongezewa hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30. Kufungua dirisha hakutoshi. Mwenye kuvuta na atoke nje, mbali na mlango.

Vijana nao wanaletewa sigara za kielektroniki, zenye ladha ya maembe na peremende. Hazichomi majani, hilo tukubali; lakini nyingi zina nikotini ile ile, na mapigo ya moyo hupanda vile vile. Ladha ya peremende haikutiwa humo kwa ajili ya wazee.

Anayetaka kuacha tusimwaibishe mbele ya jumuiya. Aambiwe kwamba yapata mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari yake ya ziada hushuka kwa karibu nusu, na kwamba mwenye miaka 60 hajachelewa.

Mwaka 2017 hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliamua kwamba kuanzia 2018 sigara zisiuzwe tena Vatikano, ingawa ziliingiza fedha nyingi. Zipo parokia ambazo kantini zake zingali zikiuza sigara, hata siku ya kipaimara. Najua mhasibu atauliza fedha za kuziba pengo zitatoka wapi. Swali lake ni la haki, nami naomba halmashauri ya walei ilijadili katika kikao kijacho, kantini ikiwa imekwisha kuacha kuagiza sigara.