Somo la Redio: Kupanda Mkunazi Uani

Wekeni kalamu chini kwanza. Leo sikilizeni, kisha mtasoma maneno haya wenyewe.

Somo letu ni mkunazi. Mnaujua: mti wa miiba, wenye matunda madogo ya duara ambayo watoto hutafuna mpaka kokwa. Watu wa pwani huyatia majani yake katika maji ya kuoshea maiti. Hapa Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, yapata Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi. Mkunazi huishinda miezi hiyo kwa njia mbili. Mzizi wake mkuu huenda chini sana kufuata unyevu, na ukame ukizidi mti hupukutisha majani yake usipoteze maji.

Basi wengi wakisikia hivyo husema, "Mti huu hauhitaji maji." Hapo ndipo miche mingi inapokufa. Anayevumilia ukame ni mti mkubwa. Mche wa miezi 3 mzizi wake bado mfupi, na jua la Septemba halijali jina la mti.

Tuanze na mbegu. Osha kokwa za matunda yaliyoiva, uzikaushe kivulini. Igonge kokwa polepole kwa jiwe mpaka ipasuke, utoe mbegu bila kuiumiza. Kokwa nzima yaweza kukaa ardhini majuma mengi kabla ya kuota. Mbegu iliyotolewa huota upesi zaidi. Itie katika kiriba kirefu, maana mzizi mkuu ukijikunja ukiwa mchanga, hutapata mti wa kushindana na kiangazi.

Mvua za kwanza zikilowesha udongo, chimba shimo la futi 2 kwenda chini. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, upande mche, uzungushie kisahani cha udongo cha kushika maji. Chagua mahali mbali na njia ya watoto. Miiba yake haina huruma.

Sasa sikilizeni sana, hasa akina mama, ninyi mnaochota maji mbali. Usinyunyizie kikombe kimoja kila jioni. Maji hayo hulowesha juu tu, mizizi hubaki juu kuyangojea, na jua huyala yote. Afadhali nusu debe kwa mara moja, kisha uache siku kadhaa, ili maji yashuke na mzizi uyafuate. Maji uliyooshea mboga yanafaa. Tandaza nyasi kavu juu ya kisahani, lakini zisiguse shina. Fanya hivyo kiangazi cha kwanza na cha pili, baadaye punguza.

Na mbuzi? Mbuzi hupenda majani ya mkunazi kuliko ninyi mnavyopenda matunda yake. Zungushia matawi ya miiba siku ile ile ya kupanda, si kesho.

Anayetaka matunda makubwa amwombe bwana shamba amwonyeshe kubebesha kikonyo cha mkunazi wa aina bora juu ya mche wa kienyeji. Mizizi itakuwa ya nyumbani, matunda ya kuuza sokoni.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni maneno haya: kokwa, kiriba, mzizi, samadi, nusu debe. Kisha kila mmoja aandike sentensi moja: uani kwake, mkunazi utakaa wapi?