Lulu: Ya Asili na ya Kufugwa



Mazungumzo ya leo yanahusu lulu. Lulu haichimbwi ardhini kama dhahabu. Hutengenezwa na chaza wa baharini au kombe wa maji baridi. Kimelea kikiingia katika nyama yake, mnyama huyo hujikinga kwa kukifunika, tabaka juu ya tabaka, kwa utando ule ule unaong'aa ndani ya gamba lake. Hiyo ndiyo lulu ya asili, nayo ni adimu. Wazamiaji wa Bahrain na Kuwait walipasua chaza wengi mno ili kupata lulu chache.

Lulu ya kufugwa hutengenezwa na chaza vile vile, ila binadamu ndiye anayeanzisha kazi. Mwaka 1893 Mjapani Kokichi Mikimoto alifanikiwa kupata nusu lulu kwa njia hiyo. Kwa lulu ya mviringo, fundi humtia chaza shanga ya gamba pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha humrudisha majini. Nchini China kombe wa maji baridi hutiwa vipande vya nyama pekee, na mmoja huweza kutoa lulu nyingi.

Huko Fumba, Unguja, kina mama wamefuga chaza kwa msaada wa wataalamu wa bahari. Kipande cha nusu mviringo hubandikwa ndani ya gamba la chaza hai, naye hukifunika. Baada ya takriban mwaka mmoja nusu lulu hukatwa, na gamba huchongwa hereni.

Je, hapa inawezekana? Chaza wa lulu huhitaji maji ya chumvi yaliyo safi. Mto Tana ni wa maji baridi yenye tope, na tope hilo humwagika baharini Kipini. Chumvi ikipungua sana wakati wa mafuriko, chaza hufa. Kwa hiyo kikundi kisitoe akiba yake kununua chaza au vifaa kabla maji ya mahali hapo hayajapimwa. Waulizeni kwanza maafisa wa uvuvi.

Kwa mnunuzi: sugua lulu kwenye jino. Iliyo halisi, ya asili au ya kufugwa, hukwaruza kidogo. Ya plastiki huteleza. Lakini kutofautisha ya asili na ya kufugwa huhitaji eksirei. Anayedai bei ya lulu ya asili aonyeshe cheti.