Kitabu cha Hesabu na Saini ya Mkaguzi



Kila Diwali, katika ibada ya Chopda Pujan, huleta hekaluni vitabu vipya vya hesabu tuviweke mbele ya Lakshmi na Ganesha. Siku hizi wengine huleta kompyuta, nasi hatuoni kosa. Lakini kitabu kilichobarikiwa bado kinamhitaji mkaguzi.

Vijana wanaosomea CPA, wa hekalu hili na wa mtaa huu, na wajue mapema: kufaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, pekee hakumpi mtu ruhusa ya kutia saini ripoti ya ukaguzi. Hana budi kupata uzoefu wa kazi, kusajiliwa, na kuidhinishwa kutoa huduma kwa umma. Miaka hiyo ni mirefu na mshahara wake haba. Wazazi, tusiwaite dukani kabla haijatimia.

Na atakayeidhinishwa, tusimwombe akague hesabu za hekalu ilhali baba yake ndiye mweka hazina wetu. Tutamtafuta mwingine, tumlipe.