Hofu Stesheni: Haki ya Msafiri na Wajibu Wetu



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wanajumuiya wote,

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Hata leo, kwa wengi wanaosafiri kwa reli, stesheni ndiyo mlango wa mji. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni anayeshuka usiku katika stesheni yetu anakutana na mwenyeji, au anakutana na hofu?

Hali yenyewe mnaifahamu. Treni imechelewa, taa inayowaka ni moja, na mama ameketi juu ya mizigo yake pamoja na watoto wawili. Walevi wanamtolea maneno machafu. Vijana wanamnyakulia mzigo kwa nguvu, kisha wanadai malipo ambayo hawakupatana. Huenda asiibiwe kitu. Lakini hakuthubutu kusinzia wala kwenda msalani. Hiyo nayo ni dhuluma, ijapokuwa haiandikwi katika kitabu cha polisi.

Aliye hatarini zaidi ni binti aliyeitwa mjini kwa kazi za nyumbani, na aliyeahidi kumpokea hakutokea. Mwenye maneno matamu huwahi kumfikia. Sheria ya mwaka 2008 inakataza biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu. Lakini sheria haiketi kwenye benchi la stesheni usiku. Hapo panahitajika mtu.

Wapo wanaosema: wazururaji wote wakamatwe, yaishe. Ndugu zangu, tuwe waangalifu. Mwezi Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mtu na ahukumiwe kwa tendo lake, si kwa umaskini wake. Kijana alalaye stesheni kwa kukosa pa kulala hajamkosea mtu. Anayemtukana mwanamke amekosa, hata kama amevaa suti. Tukiwachanganya hao wawili, tutamfukuza maskini na kumwacha mkosaji.

Bwana wetu aliposimulia habari za njia ya Yeriko, wanyang'anyi aliwataja kwa maneno machache. Kiini cha simulizi ni wale waliopita kando, na yule mmoja aliyesimama.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, Halmashauri ya Walei, pamoja na viongozi wa mtaa na ndugu zetu Waislamu, wamwendee mkuu wa stesheni. Waombe taa, choo chenye mlango unaofungika, na chumba cha kungojea kisichofungwa kabla treni haijaondoka. Waombe pia taarifa ya kweli treni inapochelewa. Ajuaye saa hukaa nyumbani badala ya kukesha gizani.

Pili, wachukuzi waandikishwe na wavae namba. Wengi wao ni wana wa parokia zetu, tena wanazijua sura zote za pale. Wakiheshimiwa, watakuwa walinzi wa kwanza.

Tatu, WAWATA na VIWAWA wapange zamu za watu wawili wawili usiku wa treni, kwa kupatana na polisi. Kazi yao ni kusalimu, kuuliza, na kumfikisha aliyekwama kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Wasimpige mtu yeyote. Kelele ya "mwizi!" imekwisha kuua wasio na hatia, na damu hiyo haioshwi kwa kusema tulikuwa wengi.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Ni nani kati yetu anayeogopa kupita stesheni, na anaogopa nini hasa?
2. Je, tunawaogopa watu kwa matendo yao, au kwa mavazi yao?
3. Treni ijayo ikifika usiku, nani kutoka jumuiya yetu atakuwepo?