Ukibandika Msimbo, Nyoosha Mistari Kisha Ukague Hesabu

Hotuba ya mkufunzi wa kompyuta kwa vijana wa Kabianga

 

Wengi wenu mnaojifunza kuandika programu hunakili msimbo mahali pengine na kuubandika katika kazi yenu. Mara nyingi mistari hufika imepinda, nafasi za mwanzoni zikiwa zimevurugika. Visual Studio Code inaweza kuinyoosha yenyewe: fungua mipangilio, tafuta Format On Paste, uiwashe.

Katika JavaScript, mabano ndiyo huonyesha mwanzo na mwisho wa sehemu, kwa hivyo kompyuta hunyoosha mistari bila kubadilisha maana. Python ni tofauti. Tangu ilipotolewa mwaka wa 1991, nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari ndiyo husema mstari huo ni wa sehemu gani. Nafasi ikipotea, kompyuta haiwezi kujua ulichokusudia.

Tuseme unaandika programu ya malipo ya majani chai. Mkulima amepeleka mizigo mitatu: kilo 20, 15 na 25. Anapaswa kukatwa shilingi 100 mara moja kwa mwezi. Mstari wa makato ukisogea ndani ya sehemu inayorudiwa kwa kila mzigo, atakatwa shilingi 300. Programu haitalalamika, mkulima ndiye atakayelalamika siku ya malipo.

Kwa hivyo, ukishabandika, soma mstari kwa mstari, kisha ujaribu programu kwa hesabu ambayo jibu lake unalijua tayari.