Vifaa vya Nyumbani vya Kumtuliza Mtoto
Vifaa vya milango ya fahamu, yaani vitu vinavyomfanya mtoto aguse, atazame au asikilize kwa makini hadi pumzi yake ipungue kasi, vinaweza kutengenezwa katika kaya yoyote ya Mugeta, wilayani Bunda. Kitambaa imara kilichojazwa mtama na kushonwa mara mbili huwa mpira ambao mtoto mwenye hasira huuminya na kuuachia taratibu huku akivuta pumzi. Chupa ya plastiki yenye maji na mchanga laini, ikitikiswa, humpa jambo la kutazama mpaka mchanga utuame. Hata hivyo, na hili husahaulika mno, kifaa hakichukui nafasi ya mzazi, kwa kuwa mtoto mdogo hujifunza utulivu kwa mtu mzima aliye karibu naye, anayeitaja hisia ya mtoto kwa jina na kumsubiri. Malezi yenye mwitikio, yaani kuitambua ishara ya mtoto na kuijibu kwa upole, yamo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Kwa kuwa punje za mtama zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka 3, wazazi wakague mishono na vifuniko kila mara.