Injini Ikizima Juu ya Mbuga

Mhadhara wa umma uliotolewa Nyasubi, Kahama



Hapa mlio wa ndege si mgeni. Uwanja wa ndege wa Kahama uko jirani na mgodi wa Buzwagi, na kwa miaka mingi migodi ya ukanda huu imeizoesha anga yetu ndege ndogo. Mlio ukipita, mama anaendelea kupepeta mchele na bodaboda anaendelea kugombana na abiria wake. Jioni hii nawaomba tufikirie jambo moja tu: ndege iko juu yetu, na mlio unakatika.

Hoja yangu ni fupi. Injini ikizima, ndege huacha kuwa suala la mitambo na kuwa suala la ardhi. Na ardhi hii mnaijua ninyi kuliko marubani wengi wanaoiruka.

Tuanze na hesabu. Cessna 172, ndege ya viti vinne inayofundishia marubani duniani kote, haidondoki kama jiwe injini inapozima. Rubani akishusha pua na kushika mwendo wa takriban kilomita 120 kwa saa, mabawa yanaendelea kuibeba. Kwa kila mita inayoshuka, inasonga mbele kama mita tisa. Akiwa mita 900 juu ya ardhi, na upepo umetulia, anaweza kufika umbali wa kilomita nane hivi. Hizo ni dakika nne. Maji ya chai hayajachemka.

Dakika hizo zina utaratibu wake. Kwanza mwendo: mkono wenye hofu hutaka kuvuta usukani ili pua ibaki juu, lakini bawa lililopungukiwa mwendo huacha kubeba, na hapo ndipo ndege hudondoka kweli. Pili, kuchagua mahali pa kutua na kuelekea huko. Tatu, kutafuta sababu: tangi limekauka? Swichi za kuwasha ziko sawa? Kabureta imeganda? Nne, redio: kutamka Mayday mara tatu, kwa masafa ya kituo anachozungumza nacho au yale ya dharura, 121.5, na kuweka namba 7700 kwenye kifaa cha utambulisho ili rada imtambue. Karibu na ardhi, anafunga mafuta, anazima umeme, na kuuacha mlango wazi kidogo, maana fremu ikipinda mlango uliofungwa huwa ukuta.

Mtaona redio imekuja ya nne. Aliye ofisini hawezi kuishika ndege hewani.

Hatari zaidi ni injini kuzima mara tu baada ya kuruka. Uwanja uko mgongoni, na moyo unasema rudi. Lakini kurudi si kugeuka nusu duara tu. Ni kupitiliza, kisha kujipanga upya na barabara ya kurukia. Ukiilaza ndege nyuzi 45 katika kona hiyo, mwendo ambao bawa huacha kubeba unapanda kwa karibu asilimia 19. Umeishiwa kimo, na sasa unaishiwa mwendo. Ndiyo maana tunafundisha kwamba aliye chini atue mbele yake, akikwepa kidogo kushoto au kulia.

Lakini mbele pana nini? Hapa ndipo Kahama inapoingia darasani.

Sisi tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Alasiri ya nyuzi joto 30, hewa ya hapa ni nyepesi kama ya mahali penye kimo cha mita 2,000 hivi. Kipimo cha mwendo kikisoma kilomita 100, ndege inapita juu ya ardhi kwa karibu 110, hata kama hakuna upepo. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kumi hizo zinaongeza moja ya tano ya pigo.

Upepo nao hudai haki yake. Ndege itakayogusa chini kwa 100, ikitua kuukabili upepo wa kilomita 20, inagusa kwa 80. Ikitua kuupa upepo mgongo, inagusa kwa 120. Pigo ni mara mbili na robo. Moshi wa jiko la mama mmoja kijijini humwambia rubani jambo hilo bure, kama amejifunza kuutazama.

Mwendo ukishapungua, umbali mdogo unatosha. Kwa kilomita 80 kwa saa, mwili uliofungwa mkanda vizuri ukipunguzwa mwendo kwa nguvu mara tisa ya uzito wake, unasimama ndani ya mita tatu. Kwa 160, zinatakiwa zaidi ya kumi na moja. Mahindi, vichaka, hata bawa linalong'oka kwenye mti mdogo, vyote vinaweza kutoa mita hizo. Ndege ni chuma. Iache ivunjike, mradi chumba cha abiria kibaki kizima.

Sasa udongo. Wakulima wa Kisukuma wameugawa kwa majina tangu zamani: luseni, mchanga wa miinuko; itogolo, ule mgumu wa miteremko; na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Kwa macho ya rubani mgeni, mbuga ndiyo zawadi: tambarare, pana, haina miti. Wakati wa kiangazi anaweza kuwa sahihi, ingawa nyufa zake hushika gurudumu la mbele. Wakati wa masika udongo uleule hunasa magurudumu na kuipindua ndege kichwa chini. Majaruba ya mpunga yanameta kama kioo, kumbe kila ukingo ni ngazi. Kwenye shamba la matuta, fuata matuta, usiyakate. Na karibu na machimbo, uwazi mweupe unaovutia unaweza kuwa marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, yaliyolainika, au eneo lenye maduara, mashimo ya wachimbaji, ambayo kivuli chake huonekana ukiwa umeshachelewa.

Kudanganywa hivyo na ardhi kulimpata rubani wa Afrika Mashariki. Beryl Markham, aliyekulia Kenya, aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi. Baada ya saa zaidi ya ishirini injini ilikosa mafuta. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi. Alishuka Cape Breton, Kanada, mahali palipoonekana kama uwanda. Palikuwa kinamasi chenye mawe. Ndege ilizama pua, naye akatoka akiwa na jeraha kichwani.

Msidhani barafu ni ya Atlantiki tu. Ndani ya kabureta, hewa yenye unyevu hupoa ghafla, na barafu inaweza kuganda hata siku ya joto la nyuzi 25. Mawingu ya masika ya Shinyanga yanatosha. Maji nayo huingia kwenye mafuta yaliyohifadhiwa katika mapipa. Ndiyo maana kila asubuhi rubani huchota mafuta kidogo kwenye kichupa. Petroli ya ndege ni ya buluu na maji hukaa chini yake. Dharura nyingi zingeishia kwenye kichupa hicho.

Barabara kuu ya Isaka nayo inavutia, lakini ina nguzo, na waya hauonekani kutoka juu. Januari 1954, nchini Uganda, ndege iliyombeba mwandishi Ernest Hemingway iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison ikaangukia porini. Wote walipona. Ukiona nguzo, amini kwamba waya upo.

Na walio chini? Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba katika hali mbaya ya hewa, watu 19 walikufa na 24 walipona. Ilikuwa kubwa kuliko ninazozizungumzia, lakini mikono ya kwanza kufika ilikuwa ya wavuvi wenye mitumbwi. Huku kwetu mikono hiyo itakuwa ya mkulima, mchunga ng'ombe na mchimbaji. Zimeni sigara. Kaeni mbali na panga la mbele hata kama limesimama. Toeni watu kabla ya mizigo, na simu ya kupiga picha ipige kwanza kuita msaada.

Ninamalizia kwa ombi. Pale mlangoni nimetandaza ramani ya Kahama, na penseli tatu. Nimeweka alama za sehemu ninazowafundisha wanafunzi wangu kuzichagua injini ikizima. Kabla ya kuondoka, wazee wangu, tafadhali pitieni hapo. Penye mbuga inayozama Machi, andikeni. Penye duara jipya, choreni mviringo. Na pale nilipokosea, futeni.